Mpangaji anapojifanya mwenye nyumba: kupangisha tena fleti za kodi iliyodhibitiwa New York

Tangu Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, ashinde umeya wa New York mwezi Novemba 2025 kwa ahadi ya kuzuia kodi za nyumba zisipande, kodi za jiji lile zimekuwa gumzo hata huku kwetu. Pamoja na gumzo zimekuja dhana potofu. Wapo wanaoamini kwamba kodi zote za New York zitasimama. Wapo pia wanaoamini kwamba ukishaipata fleti ya kodi nafuu umepata mali: unaweza kumpangisha mwingine kwa bei ya soko, wewe ukala tofauti. Dhana hii ya pili ndiyo ya hatari. Inawatoa watu majumbani, na anayeumia zaidi mara nyingi ni mgeni aliyetoa akiba yake yote kumpa mtu asiye na haki ya kuipokea.

Kodi iliyodhibitiwa ni ipi

New York ina mifumo miwili ya udhibiti. Wa kwanza ulizaliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Leo umebaki kwa watu wachache, hasa wazee walioingia kwenye fleti zao kabla ya Julai 1971, katika majengo yaliyojengwa kabla ya Februari 1947. Huo tuuweke kando.

Mfumo unaozungumzwa siku hizi ulianza mwaka 1969 na ukaimarishwa kwa sheria ya jimbo ya 1974. Kwa kawaida unahusu majengo yenye fleti 6 au zaidi yaliyojengwa kabla ya 1974. Yamo pia majengo mapya ambayo wenyewe walipewa nafuu ya ushuru wa majengo kwa sharti la kukubali udhibiti. Jumla ni takriban fleti milioni moja, karibu nusu ya nyumba zote za kupanga jijini. Kwa hiyo ahadi ya Mamdani haikuhusu kila mpangaji, ilihusu hawa.

Mtanzania anayejaza mafuta anajua jinsi EWURA inavyotangaza bei kikomo kila mwezi. New York kuna Bodi ya Miongozo ya Kodi yenye wajumbe 9 wanaoteuliwa na meya. Kila mwaka, karibu na Juni, bodi hupiga kura kuamua kodi iongezwe kwa asilimia ngapi. Kwa mikataba inayoanza kati ya Oktoba 1, 2025 na Septemba 30, 2026, iliamua asilimia 3 kwa mkataba wa mwaka mmoja na asilimia 4.5 kwa wa miaka miwili. Meya hana uwezo wa kuamka asubuhi akatangaza kodi zimesimama. Anachoweza ni kuteua wajumbe.

Mambo mawili yanaifanya fleti ya aina hii iwe na thamani kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Kwanza, mpangaji ana haki ya kuhuisha mkataba kila unapoisha, na mwenye nyumba hawezi kumkatalia bila sababu iliyotajwa na sheria. Pili, udhibiti umeshikamana na fleti yenyewe. Tangu Juni 2019 mwenye nyumba haruhusiwi tena kupandisha kodi kwa sababu tu mpangaji amebadilika, wala kuitoa fleti kwenye udhibiti eti kodi yake imekuwa kubwa. Ndiyo maana unaweza kukuta fleti mbili zilizopakana ukuta, moja inalipiwa dola 1,400 na nyingine zaidi ya dola 3,000. Ukumbuke pia kwamba uchunguzi wa nyumba wa mwaka 2023 ulikuta asilimia 1.41 tu ya nyumba za kupanga ndizo zilikuwa wazi. Tofauti hiyo ya bei, katika jiji lisilo na vyumba, ndiyo chanzo cha tamaa yote tutakayoieleza.

Mkazi mwenza si mpangaji wa pili

Aliyesaini mkataba na mwenye nyumba tumwite mpangaji mkuu. Anaweza kuishi na wengine, au kuwaachia wengine nyumba, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mkazi mwenza ni mtu anayekaa na mpangaji mkuu chini ya paa moja. Mpangaji mkuu yumo, analala humo, wanagawana gharama. Mpangaji wa pili ni yule aliyeachiwa fleti nzima wakati mpangaji mkuu ameondoka. Hapo ndipo tunaposema nyumba imepangishwa tena.

Kwa mtu wa Dar es Salaam mfano upo barabarani. Dereva wa daladala amekabidhiwa gari na tajiri, na ana hesabu ya kupeleka kila siku. Akiumwa akampa deiwaka usukani, tajiri akajulishwa na akaridhia, hapana neno. Akimpa kimyakimya, tajiri akigundua atakuwa na haki ya kumwita amwonye. Lakini akikaa nyumbani mwaka mzima huku akimtoza deiwaka hesabu mara mbili ya ile anayopeleka kwa tajiri, huyo hajabaki dereva. Amejifanya tajiri kwa gari lisilo lake. Sheria ya New York inafuata mantiki hiyohiyo, na hali hiyo ya tatu ndiyo mahakama haziisamehi.

Kwa mkazi mwenza sheria ni pana. Mpangaji aliyesaini peke yake anaweza kuishi na familia yake ya karibu, pamoja na mtu mzima mmoja asiye ndugu na watoto wa mtu huyo wanaomtegemea. Haombi ruhusa. Anachodaiwa ni kumjulisha mwenye nyumba jina la mkazi huyo ndani ya siku 30 tangu aingie, au ndani ya siku 30 tangu mwenye nyumba aulize. Kifungu cha mkataba kinachosema "mpangaji ataishi peke yake" hakina nguvu mbele ya haki hii. Sharti ni kwamba mpangaji, au mwenzi wake wa ndoa, awe kweli anaishi humo kama makazi yake makuu.

Kuna sharti la pili ambalo wengi hawalijui: katika fleti iliyodhibitiwa, mkazi mwenza hatozwi zaidi ya fungu lake. Unachukua kodi halali unaigawa kwa idadi ya waliosaini mkataba ukijumlisha wakazi wenza. Mwenzi wa ndoa, wanafamilia na watoto wanaotegemea hawahesabiwi. Kodi ikiwa dola 1,800, mpangaji mmoja na mkazi mwenza mmoja mwenye mtoto, hesabu ni watu wawili, kwa hiyo mkazi mwenza analipa dola 900. Kumtoza 1,500 ili wewe ukae kwa 300 ni kosa, na mwenye nyumba anaweza kulitumia kukushtaki. Umeme, intaneti na fanicha mnaweza kupatana kwa haki, ila gharama hizo ziandikwe kando na zifanane na gharama za kweli.

Kupangisha tena kihalali

Watu wengi husikia kwamba kupangisha tena ni marufuku. Sivyo. Katika jengo lenye fleti 4 au zaidi, mpangaji ana haki ya kuomba, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kukataa bila sababu ya msingi. Mtu aliyepata kazi ya mwaka mmoja mji mwingine, au anayekwenda Mombasa kumuuguza mama, sheria imemfikiria.

Ombi hupelekwa kwa barua ya posta iliyosajiliwa, yenye risiti ya kuonyesha imepokelewa. Ujumbe wa simu au WhatsApp haufai, hata kama mwenye nyumba amejibu "sawa". Barua iseme muda wa kupangisha, jina la mpangaji wa pili, anwani yake ya nyumbani na ya kazini, sababu ya mpangaji mkuu kuondoka, na anwani atakakokuwa wakati huo. Iambatane na ridhaa ya maandishi ya kila aliyesaini mkataba pamoja naye na ya mdhamini kama yupo, nakala ya mkataba wa kupangisha tena, na nakala ya mkataba wa awali. Mwenye nyumba ana siku 10 za kuomba maelezo zaidi. Ndani ya siku 30 tangu barua itumwe, au tangu atumiwe maelezo ya ziada, anatakiwa ajibu kwa maandishi na, kama anakataa, ataje sababu. Akinyamaza, ukimya wake unahesabiwa kuwa ni ridhaa. Hapa ndipo ile risiti ya posta inapokuwa na thamani ya nyumba nzima, kwa sababu bila hiyo hakuna wa kuthibitisha siku 30 zilianza lini.

Kwa fleti zilizodhibitiwa kuna masharti ya ziada. Mpangaji mkuu aonyeshe kwamba fleti bado ni makazi yake makuu na kwamba ana nia ya kurudi. Haruhusiwi kupangisha zaidi ya miaka 2 katika kipindi chochote cha miaka 4. Na hatozi zaidi ya kodi halali. Akiacha fleti na fanicha, anaweza kuongeza asilimia 10, basi. Mwenye nyumba naye anaweza kudai nyongeza ya kupangisha tena inayowekwa na bodi, na hiyo ni ya mwenye nyumba, haiingii mfukoni mwa mpangaji. Wakati wote huo mpangaji mkuu ndiye anayebaki na deni: mpangaji wa pili asipolipa au akivunja dirisha, anayedaiwa na mwenye nyumba ni yule aliyesaini.

Anayeondoka moja kwa moja asijifiche nyuma ya sheria hii, kwa kuwa haimfai. Wake ni utaratibu mwingine, wa kuomba kumhamishia mtu mkataba. Mwenye nyumba anaweza kukataa, lakini akikataa bila sababu ya msingi analazimika kumwachilia mpangaji kutoka kwenye mkataba kwa notisi ya siku 30. Kuuza funguo, yaani kudai fedha za kumpisha mwingine kwenye nyumba, kile kinachojulikana Dar es Salaam na Zanzibar kama kilemba, hakumo katika njia yoyote kati ya hizi.

Faida ndiyo inayoua

Tuseme kodi halali ni dola 1,400. Kwa fanicha, kikomo ni 1,540. Mpangaji mkuu akimtoza mpangaji wa pili 2,600, ziada ni 1,060 kwa mwezi, yaani 12,720 kwa mwaka. Mpangaji wa pili ana haki ya kudai mara tatu ya ziada aliyotozwa, ambayo hapa ni dola 38,160. Deni hilo ni la mpangaji mkuu mwenyewe.

Zaidi ya fedha kuna nyumba yenyewe. Makosa mengi ya mpangaji yanaweza kurekebishwa. Ukipangisha bila ruhusa kwa kodi halali, utapewa notisi, na ukimtoa yule mtu kwa wakati unaweza kubaki. Lakini mahakama za rufaa za jimbo zimeshikilia kwamba kupata faida kubwa kwa kuuza unafuu wa kodi ni kosa lisilorekebishika. Hata ukirudisha fedha zote na kurudi kulala humo kesho yake, fleti unaweza kuipoteza. Sababu yao inaeleweka: unafuu ule umewekwa na sheria kwa ajili ya mtu anayehitaji pa kuishi. Mpangaji akiuvuna, yule aliyekusudiwa analipa bei ya soko na sheria inabaki jina. Ziada ndogo iliyotokana na hesabu mbaya ni jambo jingine, majaji huangalia ukubwa wake na muda wake.

Kupokea wageni wa usiku mmojammoja ni njia fupi zaidi ya kufika hukohuko. Sheria ya jiji inayoitwa Sheria ya Mtaa Namba 18, iliyoanza kusimamiwa Septemba 5, 2023, inataka kila anayekodisha kwa chini ya siku 30 asajiliwe, awepo nyumbani, na asipokee wageni zaidi ya wawili. Fleti zilizodhibitiwa haziruhusiwi kusajiliwa kabisa. Mwaka 2017, kabla hata ya sheria hiyo, mahakama ya rufaa inayosimamia Manhattan na Bronx ilimpa ushindi mwenye nyumba dhidi ya mpangaji aliyekuwa akipokea makumi ya wageni wa Airbnb. Tangazo lenye picha ya sebule yako ni ushahidi uliojiandikia mwenyewe.

Kuna na mlango mwingine wa kesi, nao ni makazi makuu. Mwenye nyumba akidai kwamba huishi humo, anaweza kukataa kuhuisha mkataba kwa notisi itakayokufikia kati ya siku 150 na 90 kabla ya mkataba kuisha. Mahakama huangalia anwani kwenye fomu za kodi ya mapato, leseni ya udereva, daftari la wapiga kura, na kama ulilala humo angalau siku 183 za mwaka. Bili ya umeme ya Con Edison inayoonyesha matumizi kama ya friji tupu imewaponza wengi. Vivyo hivyo kamera za mlangoni na funguo za kielektroniki zinazoandika nani ameingia na saa ngapi.

Jinsi mtu anavyotolewa kisheria

Kufukuzwa New York kuna ngazi zake, na kila ngazi ina karatasi. Mwenye nyumba anayedai umepangisha bila idhini hutuma kwanza notisi ya kurekebisha kosa, yenye siku 10. Zikipita bila marekebisho, inafuata notisi ya kuvunja mkataba, yenye angalau siku 7. Kama kosa ni lile la faida, notisi ya kwanza inaweza kurukwa. Baada ya hapo kesi inafunguliwa katika Mahakama ya Nyumba ya wilaya husika ya jiji. Wa Bronx, kwa mfano, huenda 1118 Grand Concourse.

Kosa linalowagharimu watu nyumba kuliko yote ni kutofika. Asiyefika hukumu hutoka bila yeye. La pili ni kusaini makubaliano kwenye korido na wakili wa mwenye nyumba bila kuelewa kwamba yana tarehe ya kuondoka. Tangu 2017 jiji lina sheria inayowapa wakili wa bure watu wenye kipato kisichozidi mara mbili ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, na hali ya uhamiaji haiulizwi kama sharti. Namba ya simu ya kuanzia ni 311, ya huduma za jiji, na mkalimani wa Kiswahili huombwa hapohapo. Hivyo usemi wa "sina makaratasi, siwezi kusimama mahakamani" si kweli, na umewafanya watu kukabidhi funguo walizokuwa na haki ya kubaki nazo.

Mwenye nyumba akishinda, jaji anaweza kuahirisha kuondolewa hadi mwaka mmoja kwa mtu anayetafuta makazi kwa bidii na anayelipa anachotumia. Kwa kosa linalorekebishika, mpangaji hupewa siku 30 baada ya hukumu kulirekebisha. Mwisho kabisa, anayetoa watu ni marshali wa jiji au sherifu peke yake, baada ya notisi ya siku 14. Mwenye nyumba akibadilisha kitasa mwenyewe, akikata maji au akitupa mizigo nje, anatenda jinai, na anaweza kutozwa kati ya dola 1,000 na 10,000 kwa kila kosa. Mpangaji mkuu anayemfungia nje mpangaji wa pili naye hawezi kujitetea kwamba "ni chumba changu". Aliyekaa siku 30 mfululizo haondolewi bila amri ya mahakama. Akifungiwa nje, apige 911, namba ya dharura ya polisi, aonyeshe barua au bili yenye jina lake na anwani hiyo, kisha aende Mahakama ya Nyumba kufungua shauri la kurudishwa ndani.

Hapa pana dhana nyingine ya kusahihisha: siku 30 hazimpi mtu umiliki wa nafasi ile. Zinampa haki ya kusikilizwa kabla ya kutolewa. Mpangaji wa pili husimama kwa miguu ya mpangaji mkuu, huyu akianguka naye anaanguka. Harithi fleti pia. Anayeweza kurithi ni mwanafamilia aliyeishi na mpangaji mkuu miaka 2 kabla ya kufa au kuhama kwake, au mwaka 1 kama mrithi ni mlemavu au ana miaka 62 na zaidi. Tangu uamuzi wa 1989 katika kesi ya Braschi, familia si lazima iwe ya damu au cheti cha ndoa, ila maisha ya pamoja lazima yathibitishwe. Nafasi pekee ya mpangaji wa pili ni kuonyesha kwamba "mpangaji mkuu" alikuwa wa kwenye karatasi tu, hakuwahi kuishi humo, na mwenye nyumba alijua. Hapo mahakama inaweza kumtambua yeye kuwa mpangaji wa kweli.

Katika karatasi za kesi mwenye nyumba asiyejua majina ya waliomo huandika "John Doe" na "Jane Doe". Mpangaji wa pili akiyaona majina hayo asidhani hayamhusu. Ndiye. Afike siku hiyo, ataje jina lake liingizwe, aombe wakili, na aje na risiti zake zote. Risiti hizo ndizo za kumdai mpangaji mkuu ziada aliyotozwa, hata kama fleti yenyewe haitaokoka.

Na kabla ya kufika huko, yaani siku ile unayoonyeshwa chumba na unaombwa malipo ya miezi mitatu mbele, omba kuona barua ya ridhaa ya mwenye nyumba au risiti ya posta ya ombi lenyewe. Omba kuona mkataba wa mpangaji mkuu, uone kodi halali ni kiasi gani. Dhamana isizidi kodi ya mwezi mmoja, ndicho kikomo tangu 2019. Lipa kwa hundi au benki, andika kwenye muamala ni kodi ya mwezi gani. Ukishaingia, omba historia ya kodi ya fleti hiyo kutoka idara ya nyumba ya jimbo, DHCR. Hutolewa bure, na inaonyesha mwaka kwa mwaka kodi iliyosajiliwa. Mpangaji mkuu anayekwambia usiandike jina lako kwenye sanduku la barua, na ukiulizwa na msimamizi wa jengo useme wewe ni binamu yake, amekwishakujibu kama ridhaa ya mwenye nyumba ipo au haipo.